Besi ya zamani inapolalamika: soma dalili kabla ya kushika bisibisi

Mvua zikikatika Mbeya mwezi wa tano na baridi kavu ikaanza kushuka kutoka mlima Loleza, mimi fundi wa magitaa ya besi, simu zangu huwa za aina moja. "Fundi, besi imeharibika. Jumapili iliyopita ilikuwa nzima, leo nyuzi zinalia kama nyuki." Mwezi wa kumi na mbili mvua zikirudi, malalamiko yanageuka: "Kaka, nyuzi zimepanda, vidole vinauma." Mara nyingi ni besi ile ile, na haijaharibika hata kidogo. Mti umekauka, kisha umekunywa maji tena.

Naandika haya kwa sababu nimeona besi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zikiuawa na dawa wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingoni, zimesagwa kwa msasa kumbe tatizo lilikuwa shingo. Pikapu, ile sumaku yenye koili inayosikiliza nyuzi, imetupwa kumbe waya wa jeki, tundu la kuchomekea waya wa amplifaya, ulikuwa umeachia. Magitaa haya yalifika huku kwetu kwa njia mbalimbali. Mengine yaliletwa na wamisionari kwa ajili ya kwaya. Mengine yalibaki baada ya bendi za mashirika ya umma kuvunjika, na Iringa tulikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi. Mengine yamevuka Tunduma yakitokea Zambia. Hayatengenezwi tena. Kwa hiyo nafuata kanuni moja: anza na jambo unaloweza kulirudisha lilivyokuwa. Skrubu uliyoikaza unaweza kuilegeza, lakini mti uliousaga haurudi.

Vifaa vya kutosha ni hivi: bisibisi zenye ncha nzima, alenki (funguo za pembe sita) ndogondogo, rula inayoonyesha milimita, multimita ya kawaida ya fundi redio, chuma cha kulehemu na risasi yake, pamoja na kadi moja ya mchango wa harusi. Kadi hiyo nitaieleza.

Nyuzi zinagonga freti

Kwanza sikiliza zinagonga wapi, maana mahali ndipo panapotaja chanzo.

Zikigonga freti ya kwanza hadi ya tano, ukihesabu kutoka kichwani, na zaidi juu ya hapo ziko safi, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwenda nyuma. Huu ndio ugonjwa wa kiangazi. Zikigonga kuanzia freti ya 12 kwenda juu, ama nyuzi zimeshushwa mno kwenye briji, kile chuma kinachozibeba upande wa mwili, ama shingo imepinda kwenda mbele, ama imenyanyuka kidogo pale inapoungana na mwili. Ikigonga freti moja tu na jirani zake kimya, freti hiyo imenyanyuka, au ile iliyo nyuma yake imelika. Na ukisikia mgongano uzi ukiwa wazi tu, lakini ukibonyeza popote unapotea, angalia kile kipande cha mfupa au plastiki kichwani kinachobeba nyuzi. Mfereji wake umechimbika.

Sasa pima. Bonyeza uzi wa E, ulio mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili. Uzi uliobanwa hivyo ni rula iliyonyooka. Mtu akusaidie kutazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Inatakiwa iwe karibu milimita 0.3, ambayo ndiyo unene wa kadi nyingi za mchango. Kadi ikipita kwa kugusa tu, shingo ni nzuri. Isipopita, shingo imenyooka mno. Ikipita huku ikicheza, shingo imepinda.

Ndani ya shingo mna chuma kirefu kilichowekwa kupambana na mvuto wa nyuzi, na nyuzi nne za besi huvuta zaidi ya kilo 70. Ukikaza chuma hicho shingo hunyooka, ukikilegeza hupinda kufuata nyuzi. Zungusha robo mzunguko, tuni tena, kisha iache besi hadi kesho yake. Usizungushe mara mbili siku moja. Ukiona skrubu haitaki kusogea, simama hapo hapo. Chuma kikikatikia ndani ya shingo, gharama ya kukitoa inazidi bei ya gitaa.

Kwenye besi za zamani za Fender, kampuni ya Marekani, skrubu hiyo iko chini, kwenye kisigino cha shingo, kwa hiyo ni lazima nyuzi zilegezwe na shingo ifunguliwe. Watu hukasirishwa na jambo hili, mimi hulifurahia, kwa sababu ukifungua shingo ndipo unapoiona tarehe. Tutalirudia kwenye kununua.

Kiangazi kina dalili nyingine: ukipitisha kiganja ubavuni mwa shingo, ncha za freti zinakwangua kama msumeno. Freti hazikurefuka. Ubao wa rozwudi, ambao ni ndugu wa mpingo wetu, umesinyaa kwa ukavu. Wengi hukimbilia tupa. Ngoja kwanza. Weka besi kwenye mkoba wake na kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya kikopo cha sabuni kilichotobolewa matundu, wiki mbili. Besi iliyotoka Kyela kwenye joto la ziwa ikapelekwa Njombe kwenye baridi huonyesha dalili hii karibu kila mara, na nyingi hupona bila kuguswa na tupa. Mafuta ya kula usipake kabisa, huganda na kunata.

Nyuzi ziko juu ingawa shingo imenyooka

Hapa angalia vibebeo vya nyuzi kwenye briji. Kipimo cha kuanzia kwa Fender ya zamani, ukibonyeza freti ya kwanza na kupima freti ya 17, ni milimita 2.8 kwa uzi wa E na 2.4 kwa uzi wa G, ulio mwembamba kuliko wote. Kama vibebeo vimefika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, pembe ya shingo imebadilika. Dawa yake ni kipande cha kadi ngumu ndani ya kishimo cha shingo, upande wa briji. Usione aibu, kiwandani kwenyewe walikuwa wanaweka. Ukifungua besi kuukuu ukakikuta, kirudishe mahali pake.

Mvumo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mvumo unaweza kuwa kero tu, na unaweza pia kuwa onyo la kifo.

Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na huo mzunguko ndio sauti nene unayoisikia ikivuma chini ya muziki. Fanya jaribio hili: washa amplifaya, fungua sauti, ondoa mikono kwenye gitaa, kisha gusa nyuzi.

Mvumo ukipungua ulipogusa, besi ni nzima. Mwili wako unasaidia kuukinga. Kama bado unakera, sogea mbali na taa za mirija na transfoma, au ufunike kishimo cha nyaya kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na ethi, yaani waya wa ardhini.

Mvumo usipobadilika, waya wa ethi unaokwenda chini ya briji umekatika au umeshika kutu. Legeza briji, utauona. Mara nyingi ni waya mtupu uliobanwa tu kati ya chuma na mti, na rangi ya nyumba iliyopakwa juu imeutenga. Kwaruza sehemu ndogo kama punje ya mchele, bana tena, umemaliza. Usilehemu kwenye briji yenyewe.

Mvumo ukiongezeka ulipogusa, au ukihisi vidole vinatetemeka, chomoa waya wa gitaa na uzime kila kitu. Tatizo haliko kwenye gitaa.

Nilikuwa kwenye mkutano wa injili uwanjani, kilomita chache kutoka Uyole, umeme unatoka kwenye jenereta. Kijana wa besi aliinama kuimba kiitikio, mdomo ukagusa maikrofoni, akaanguka chali na gitaa lake. Alipona, na Mungu ashukuriwe. Nilipopima, amplifaya yake ilikuwa na plagi ya pini tatu ambayo pini ya ethi ilikatwa ili iingie kwenye adapta ya pini mbili, wakati mikisa ilikuwa kwenye soketi nyingine yenye ethi. Kati ya nyuzi zake na maikrofoni mulikuwa na volti zaidi ya mia. Tangu siku hiyo sianzi ibada wala harusi bila kuweka multimita kwenye volti za AC, waya mmoja kwenye uzi wa besi, mwingine kwenye chuma cha maikrofoni. Ikionyesha volti kadhaa, hatupigi mpaka ijulikane zinatoka wapi. Pini ya ethi haikatwi kwa sababu yoyote. Vifaa vyote vya jukwaani vipate umeme kwenye ubao mmoja wenye ethi ya kweli.

Kuna mvumo wa aina nyingine ambao huwachanganya hata mafundi. Precision Bass ya Fender tangu mwaka 1957 ina pikapu iliyogawanyika vipande viwili, kimoja cha E na A, kingine cha D na G, vilivyosukwa ili mvumo wa kimoja uue mvumo wa mwenzake. Fundi akigeuza nyaya za kipande kimoja, sauti haibadiliki hata chembe, kwa kuwa kila uzi unasikilizwa na kipande chake peke yake. Kinachobadilika ni mvumo kurudi. Basi Precision inayovuma baada ya kutengenezwa, geuza nyaya mbili za kipande kimoja.

Jazz Bass, ya Fender pia, iliyotoka mwaka 1960, ina pikapu mbili kamili. Ukifungua volyumu zote mbili hadi mwisho mvumo hufa, ukishusha moja kidogo hurudi. Hivyo ndivyo ilivyoundwa. Usimlipe mtu pesa "kuitibu".

Sauti inakatika, inakwaruza

Jeki kwanza. Karibu kila besi inayoletwa kwangu kwa kosa la kukata sauti, ulimi wa ndani ya tundu la jeki umelegea. Fungua kibao, upinde ulimi kidogo kuelekea katikati, futa kwa spiriti. Kama nati ya nje imelegea, usiizungushe peke yake, maana ndani jeki nzima inazunguka na kukata nyaya. Ishike kwa ndani kwanza.

Volyumu zinazokwaruza zinahitaji dawa ya kusafishia swichi, tone moja ndani, kisha zungusha mara ishirini. Kabla ya kubadilisha volyumu ya zamani soma sehemu ya kununua, kwa maana ile volyumu chafu ni cheti cha kuzaliwa.

Besi zenye betri, kama Music Man StingRay ya kuanzia 1976, zikianza kutoa sauti iliyochanika na dhaifu, badilisha betri ya volti 9 kabla ya kufikiria lolote. Na ukimaliza kupiga chomoa waya, kwa kuwa waya ukiwa ndani betri inaliwa usiku kucha.

Pikapu bubu, au sauti nyembamba

Weka multimita kwenye omu. Pikapu ya Precision husoma takribani kiloomu 10 hadi 12, kila pikapu ya Jazz takribani 7 hadi 8. Ikisoma sifuri, nyaya zimegusana. Isiposoma kitu, waya wa koili umekatika mahali fulani. Waya huo una unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kama unywele, na jasho la mpigaji pamoja na unyevu wa Tukuyu huula polepole. Usikate tamaa haraka: mara nyingi umekatika pale pale unapoungana na waya mnene wa nje, na mkono mtulivu wenye miwani ya kukuzia unaweza kuulehemu. Ukikatikia ndani, lazima isukwe upya, na hapo usimpe fundi wa mota, kwa sababu waya wake ni mnene. Hifadhi koili ya zamani hata ikiwa imekufa.

Jazz ambayo kila pikapu ikipigwa peke yake inanguruma, lakini zikifunguliwa pamoja sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ya mfukoni, ina pikapu mbili zinazopingana. Mtu aligeuza nyaya za mojawapo. Zigeuze tena.

Haishiki tuni

Piga nyuzi freti ya 12 kwa kugusa tu, kisha kwa kubonyeza. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kibebeo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Simu nyingi huhangaika kuusikia uzi wa E ulio wazi, kwa kuwa ni mizunguko 41 tu kwa sekunde. Tumia ile sauti ya kugusa freti ya 12.

Nyuzi zilizochakaa hazinyooshwi na kibebeo chochote. Na kagua urefu: Fender nyingi zina inchi 34 kutoka kichwani hadi kwenye briji, Höfner yenye umbo la fidla ina karibu 30. Ukifunga nyuzi za besi ndefu kwenye fupi, ile sehemu nene inajikunja kwenye funguo za kutunia na kukatika.

Noti fulani kwenye uzi wa G, karibu na freti ya tano hadi ya saba, ikizimika haraka kuliko jirani zake, huo si ugonjwa. Mti wa shingo wenyewe unaimeza. Besi nzuri mno za zamani zina doa hilo, na asiyejua huiuza kwa hasara.

Unanunua, na roho haitulii

Jina lililobandikwa kichwani halithibitishi kitu, linauzwa peke yake. Mwombe mwenye mali kwa adabu: "Shikamoo mzee, naomba niifungue shingo mbele yako, niirudishe mwenyewe." Nimekataliwa mara chache sana. Kwenye kisigino cha Fender za zamani kuna tarehe ya penseli au mhuri. Kisha fungua kibao na usome namba zilizogongwa kwenye volyumu. Namba 1376633, kwa mfano, ni 137 yaani kiwanda cha CTS, mwaka 1966, wiki ya 33. Ikianza na 304 ni Stackpole. Volyumu inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko gitaa, kwa sababu Fender walinunua shehena kubwa mwaka 1966 wakaitumia miaka kadhaa. Ikiwa changa kuliko shingo, imebadilishwa. Namba ya mfululizo (serial) hukaa kwenye bamba la nyuma la shingo hadi katikati ya miaka ya 1970. Kuanzia 1976 ilihamia kichwani.

Mauzo ya Fender kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, Januari 1965 ndiyo hufanya watu waulize "ni ya kabla au ya baada". Bei hutofautiana sana. Lakini huku kwetu besi nyingi ni za Japani za miaka ya 1970, nazo msizidharau. Niliwahi kununua moja Mwanjelwa iliyopakwa rangi ya mafuta ya bluu, ile ya milango. Chini ya kibao, ambapo brashi haikufika, palikuwa na rangi ya jua linalozama, nyekundu ikififia kuwa njano, bado inang'aa. Shingo yake hadi leo haijasogea.

Kinachonifanya niache besi ni vitu vitatu tu: chuma cha shingo kilichokwama, shingo iliyojisokota (itazame kutoka kichwani kama unavyotazama ubao wa mninga sokoni), na ufa kwenye kisigino. Mengine yote ni bei.

Umetangaza, hakuna anayepiga simu

Ama umetoa bei ya Marekani kwa besi iliyopakwa rangi upya, ama picha zako haziaminiki. Piga picha kisigino, namba za volyumu, nyuma ya kichwa, freti kwa karibu, na kila kovu. Rangi iliyochubuka usiiguse. Besi iliyopakwa upya hupoteza sehemu kubwa ya thamani, hata fundi awe hodari. Vipande vyote vya zamani ulivyotoa, hata skrubu zenye kutu, vitie kwenye bahasha na uviuze pamoja nayo.

Mnunuzi akiwa nje ya nchi, kumbuka ubao wa rozwudi. Rozwudi ya Brazili, iliyotumika kwenye Fender hadi katikati ya miaka ya 1960, iko kwenye orodha kali ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992 na haivuki mpaka bila kibali, hata ikiwa ndani ya gitaa. Aina nyingine za jamii hiyo, zikiwa ala iliyokamilika, zililegezewa masharti mwaka 2019.

Ikienda kwa basi, legeza nyuzi kiasi, jaza nguo kuzunguka kichwa ndani ya mkoba, na ukae na kondakta mpaka uione imewekwa juu ya magunia ya viazi, si chini yake. Anayeipokea aiache ndani ya mkoba hadi ipate joto la chumba, aitunie, alale nayo usiku mmoja. Asubuhi ndipo apitishe kadi freti ya saba.